Nimehama dingi nimeingia katamarani, ila mikono bado haijahama (uzi mrefu kidogo, natokea Dodoma)

#1 Mgogo_wa_Maji (Ilazo, Dodoma)

Mbukwenyi wakuu. Najua mtaanza na "Dodoma kuna bahari gani", hiyo nimeshaambiwa na ofisi nzima toka tuhamie huku kwahiyo tuivuke. Mi mtumishi, Dar nimekaa miaka kumi na moja na huko ndo nilijifunza dingi, na naomba nieleweke dingi hapa ni kile kiboti kidogo cha tanga, sio mzee wa nyumbani. Nilikuwa na Laser. Kwa wasioijua ni mita 4.23, tanga moja tu la mita za mraba 7 na pointi, ganda lake kilo 59, mnaibeba watu wawili mchangani kama mnapeleka mgonjwa zahanati. Iko Olimpiki toka 1996. Nilikuwa naijua kama pikipiki yangu, nikikohoa inageuka.

Sasa mwaka jana kuna jamaa alikuwa anahama nchi akaniachia katamarani ya daraja la F18 kwa bei ambayo sitaitaja maana wife anaweza akapita humu. Mitumbwi miwili imeunganishwa kwa mabomba ya aluminiamu, katikati kuna trampolini ya kukalia, urefu mita 5.52, upana mita 2.6, kilo 180 ikishafungwa kila kitu, matanga matatu ukihesabu na spinaka (lile tanga jepesi la mbele la kukimbilia na upepo). Chombo kiko Dar, mi niko huku, Ijumaa jioni napanda treni ya SGR, Jumapili usiku narudi na mchanga masikioni. Nimeshatoka nayo mara tisa. Ndani ya mara tisa hizo nimepinduka mara kumi na nne, nimehesabu.

Nilichokuja kusema ni hiki: chombo sio kigumu kama watu wanavyotisha, kigumu ni kuisahaulisha mikono. Kila kitu kilichokuwa kinaniokoa kwenye Laser ndo kinanipindua huku.

Mfano Jumamosi ya pili. Upepo wa kusi umechachamaa, mi na shem wangu (kaka yake wife, kilo 62, mi 78) wote tuko nje kwenye trapizi, yaani umevaa hanesi umejipachika kwenye waya unaotoka mlingotini, miguu ukingoni mwa mtumbwi, mwili wote uko juu ya maji. Upepo unatoka ubavuni, nyuma kidogo. Raha tupu. Kikaja kishindo cha upepo, mkono wangu wenyewe bila kuniuliza ukafanya ulichokuwa unafanya miaka yote kwenye Laser, ukageuza pua kuelekea upepo ulikotoka. Kwenye Laser hapo tanga linapunga, kiboti kinatulia, unacheka. Huku ni hivi: chombo kina spidi, ukikata kona kuelekea upepo uzito wote unatupwa upande wa pili kama daladala ikikata kona ghafla, halafu upepo uliokuwa nyuma kidogo sasa unakupiga ubavu mzima. Shem alinipita hewani. Sikumuona akipita, nilisikia tu "we bwaa…" halafu maji.

Nilichotakiwa kufanya ni kinyume chake, kugeuza pua UKIMBIE na upepo, mtumbwi wa juu unashuka wenyewe taratibu. Ila sasa (na hapa ndo kichwa kinauma) ukiwa unaukabili upepo, tanga umelibana kabisa, sheria inarudi ile ile ya zamani, unapandisha pua. Katikati ya hizo mbili kuna eneo ambalo ukigeuza huku unapinduka na ukigeuza kule unapinduka, hapo dawa ni kulegeza kamba ya tanga tu na kumkumbuka Mungu.

Na kumbukeni hesabu ya upepo sio ya moja kwa moja. Ukitoka kilomita 20 kwa saa kwenda 28 msukumo ni karibu mara mbili. Kwenye Laser unalipa kwa mgongo, huku unalipa kwa kuruka.

Karibuni, waliopita njia hii mnisaidie. Bado sijagusa habari ya kugeuza (kuvusha pua mpaka upepo uje upande wa pili), hiyo ni aibu inahitaji posti yake.

#2 Kijana_Nkuhungu

Hahaha "dingi sio mzee wa nyumbani" umeniwahi mkuu nilishaanza kuandika 😂

Ila serious, kwanini uende Dar kila wiki wakati Hombolo ipo hapo? Lete dude bwawani sie tuje na mishkaki tushangae

#3 Nesi_Makole

Mdogo wangu wa Nkuhungu usimpeleke mwenzio Hombolo. Bwawa lile kichocho chake kinajulikana miaka na miaka, konokono wapo, na minyoo inaingia kwenye ngozi ukiwa umesimama tu majini, sio lazima unywe. Mtu anayepinduka mara kumi na nne unampeleka huko? Na kama kuna mtu humu alishaogelea asisubiri mkojo uwe na damu, aende akapimwe, prazikwanteli ipo.

#4 Mgogo_wa_Maji

Asante dada nesi. Wazo la Hombolo nililiua mwenyewe mapema. Na kabla mtu hajasema bwawa la Mtera: nilienda kuangalia, maji yako mengi kweli, upepo wa mchana unanyoosha, lakini ile miti mikavu iliyozama toka bwawa linajazwa bado imesimama majini, mingine iko sentimita chache chini huioni. Hii katamarani ina mbao mbili zinashuka chini ya mitumbwi na sukani mbili, spidi ya kilomita 30 ukikutana na kisiki unaacha vipande vya fiba kwa ukumbusho. Halafu viboko. Mamba nao wapo. Hapana.

#5 Mzee_wa_Joshi (Kisasa, kwetu Tanga)

Salaam. Nimesoma nimecheka, maana mambo haya wazee wetu wana maneno yake na nyie vijana mnaandika "pua kuelekea upepo ulikotoka" kama mnaelekeza mtu njia ya kwenda Majengo sokoni. Upande upepo unakotoka ni JOSHI. Upande unakoelekea ni DEMANI, na demani hiyo hiyo ndiyo kamba ya kulishika tanga. Kuukabili upepo kwa kwenda upogo upogo ni KUBISHA. Sasa sema: kishindo kikija ukiwa unabisha, panda joshi, kishindo kikija ukiwa unakimbia, shuka demani. Umeona ilivyo fupi.

Mimi nimekulia kwenye ngalawa. Nayo ina mtumbwi mmoja na mbawa mbili, watu wanadhani ni katamarani, siyo. Zile mbao za pembeni hazibebi chombo zikisimama, zinasaidia chombo kikishakwenda, maji yanazisukuma juu. Ndiyo maana ngalawa bila mwendo inayumba. Na kwenye ngalawa kugeuza joshini hatukupendi kwa sababu ya foromali (mti unaobeba tanga), mara nyingi tunazungusha kwa tezi (nyuma ya chombo), tunakwenda na upepo tunaliachia tanga lizunguke. Hiyo yenu mnageuzaje?

#6 Mgogo_wa_Maji

Shikamoo mzee. Joshi na demani nimezichukua kuanzia leo.

Haya, aibu yenyewe. Laser inageuka hapo hapo ilipo, unasukuma usukani kwa nguvu, unapita chini ya tanga, umemaliza. Katamarani haina habari hiyo. Mitumbwi miwili mirefu myembamba, imepangwa ili iende moja kwa moja, ukiilazimisha kukata kona kwa nguvu sukani zinageuka breki. Siku ya kwanza nilikwama katikati, pua inautazama upepo, tanga linapiga makofi, chombo kimesimama halafu kinaanza kurudi nyuma. Mara tatu mfululizo, mbele ya ufukwe, siku ya Jumapili, watu na familia zao. Kuna mtoto aliuliza kwa sauti "mbona kinarudi rivasi?"

Nilichojifunza baada ya hapo: kwanza uwe na spidi, usigeuze ukiwa umepooza. Usukani unausukuma taratibu, unaongeza kadri inavyozunguka. Tanga kubwa linabaki limebanwa mpaka pua ikaribie kuutazama upepo, ikishavuka unalegeza kidogo, usipolegeza linafanya chombo kama jogoo wa bati juu ya paa, linakurudisha kuutazama upepo. Na tanga dogo la mbele USILIHAMISHE mapema, liache lipigwe na upepo kwa nyuma, lenyewe ndo linaisukuma pua upande wa pili. Nilikuwa namkemea shem "hamisha, hamisha!" kumbe mi ndo mchawi.

Ukishakwama na kuanza kurudi nyuma, sukani zinafanya kazi kinyume. Ule mti wa chini ya tanga (au kama huna basi tanga lenyewe) unausukuma upande mmoja na mpini wa usukani upande huo huo, chombo kinarudi nyuma kwa kona, pua inaanguka, unabana, unaondoka kama vile ulikusudia.

#7 Mzee_wa_Joshi

Hapo kwa tanga la mbele kupigwa kwa nyuma nimekuelewa. Ndiyo sawa hiyo.

#8 DadaTrapizi

Mie nimekuwa mtu wa mbele kwenye katamarani aina ya Hobie 16 miaka mingi, na nimekaa F18 misimu miwili, naomba nikusahihishe kaka kabla hujamvunja shemejio shingo.

Umesema kishindo kikija ukiwa unakimbia, shuka demani. Kweli. Ila hujasema UZITO UWE WAPI. Ukishuka demani na wewe na shemejio mmekaa katikati, mtumbwi wa demani unazamisha pua, chombo kinasimama ghafla, nyie hamsimami. Mnazunguka na waya kama jiwe kwenye kombeo mnaenda kumpiga mlingoti. Hobie 16 ni maarufu kwa hilo, pua zake hazina nyama, F18 inakusamehe zaidi lakini sio mama yako. Kwahiyo: nyuma, nyuma, nyuma, mpaka mguu wa dereva uko kwenye ile kamba ya mguu kule tezi, na mtu wa mbele amembana dereva kabisa, hakuna cha aibu za shemeji hapo.

La pili na hili nadhani hulijui maana watu wa Laser hawalijui. Ukiwa na spinaka juu, USIACHIE kamba ya tanga kubwa. Mkono wako wa Laser utataka kuachia kila kishindo. Katamarani haina waya wa nyuma wa kuushika mlingoti, likishapanda spinaka linauvuta mlingoti mbele, kinachoushika ni tanga kubwa likiwa limebanwa. Achia, uone bei ya mlingoti wa mita 9 na usafiri wake mpaka Dar. Kishindo cha spinaka unakimaliza kwa usukani, na mtu wa mbele analegeza kamba ya spinaka kidogo.

Ah na hamjaongelea kwenda na upepo. Ushasahau ulivyokuwa unaenda moja kwa moja, upepo kisogoni?

#9 Mgogo_wa_Maji

Dada hapo kwenye kamba ya tanga kubwa umeniokoa mlingoti. Kweli nilikuwa naachia. Kila kishindo. Nimekaa kimya dakika tano baada ya kusoma.

Kwenda na upepo nimelielewa kwa bodaboda. Siku hakuna hata jani linalotikisika, panda boda barabara ya Iringa, shati linapepea. Upepo huo umeutengeneza mwenyewe kwa mwendo. Katamarani ni hivyo hivyo, ukienda upepo kisogoni unaukimbia upepo wako mwenyewe, matanga yanalala. Ukikata upogo unapata mwendo, mwendo unakuletea upepo mbele kidogo, upepo unakupa mwendo tena. Unaenda njia ndefu kwa zigizaga na bado unamuwahi aliyenyoosha. Mara ya kwanza GPS ya simu ilisoma kilomita 31 kwa saa, nilipiga kelele kama nimefunga goli.

Na kitu kizuri ambacho hakuna aliyeniambia, kugeuza kwa tezi, kile ambacho kwenye Laser ule mti unapita kichwani kama panga, huku ukiwa na spidi nzuri tanga linapita polepole tu. Kumbe kinachouma ni kwenda taratibu.

#10 Fundi_Fiba (Dar)

Mkuu umenunua tayari lakini kwa wengine wanaotaka used: chukua sarafu gonga mitumbwi yote miwili kuanzia pua mpaka tezi, sauti inatakiwa iwe ka ka ka, ukisikia du du du hapo fiba imeachana na povu la ndani. Bonyeza juu kwa kidole gumba, pakibonyea kama godoro ondoka. Angalia nyufa kwenye matundu zinapopita zile mbao za kushuka na pale mabomba yanapokaa. Sukani zisicheze. Mlingoti mwaga maji ndani uone kama unavuja, mlingoti unaotakiwa kuelea ukiwa unavuja chombo kikipinduka kinamalizia kabisa kinakaa kichwa chini na hapo kukinyanyua mtaita boti la watu

Alafu muhimu kuliko yote WAYA ZA UMEME. Mlingoti wa aluminiamu mita 9. Marekani watu walishakufa kwa kugusa waya wakiwa wanasukuma Hobie ufukweni mpaka watengenezaji wakabadili ncha ya mlingoti ikawa ya fiba. Usisimamishe mlingoti chini ya waya wala usisukume chombo kikiwa kimesimamisha bila kuangalia juu

#11 Mgogo_wa_Maji

Fundi nimegonga jana na shilingi mia mbili. Ka ka ka kote isipokuwa sehemu moja nyuma ya bomba la mbele mtumbwi wa kushoto, kama kiganja hivi. Nakuja inbox.

Na kuhusu Dodoma kuchangia kitu kwenye hii habari: trampolini ilikuja imeoza na jua, nyuzi zinakatika kwa kucha. Dar nikatajiwa bei nikaona hapana. Nikaikunja nikaja nayo kwenye treni, nikaipeleka kwa fundi anayeshona maturubai ya malori huku. Mzee yule aliitandaza chini, akapita juu yake bila viatu mara mbili, akaniuliza "hii inabeba mzigo gani?" Nikamwambia watu wawili wanarukaruka. Akasema "basi sio turubai hii, ni kitanda." Akaweka mkanda wa lori pembeni zote, mshono wa mara tatu, macho ya shaba kila upana wa vidole vinne. Iko pale mpaka leo, imebanwa unaipiga kofi inalia kama ngoma. Ila akakataa katakata kuamini kwamba inaenda baharini, anadhani ni ya bembea ya hoteli.

Trapizi nayo nafanyia mazoezi nyumbani. Nimefunga kamba kwenye mwarobaini, hanesi kiunoni, miguu kwenye ukuta wa tenki la maji, najirusha nje narudi, najipachika najichomoa, kwa mkono mmoja maana mwingine unatakiwa uwe na usukani. Jirani alikuja kuuliza kama bembea hiyo mtoto wake atapata zamu.

#12 Baba_wa_Watatu

Nina miaka 46, Laser naijua, magoti yameanza kulalamika ile ya kuning'inia kwa mapaja. Nimechelewa kwa katamarani au?

#13 DadaTrapizi

Santiago Lange wa Ajentina alichukua dhahabu Rio 2016 kwenye Nacra 17, hiyo ni katamarani, akiwa na miaka 54 na alishatolewa sehemu ya pafu kwa saratani. Mwenzake alikuwa mwanamke, Cecilia Carranza, maana ile ni mashindano ya mchanganyiko, mwanaume na mwanamke. Njoo. Trapizi ni nafuu kwa magoti kuliko kuning'inia kwenye Laser, uzito unabebwa na hanesi.

Ila usianze na F18 kama kaka yetu. Tafuta Hobie 16, kilo 145, haina mbao za kushuka, unaipandisha mchangani na spidi yake. Ipige msimu mmoja.

#14 Mgogo_wa_Maji

Hapo sikubaliani kabisa dada, Hobie 16 inakufundisha tabia zake yenyewe halafu ukija F18 unaanza kuzisahau tena. Mtu ambaye tayari anajua upepo aende moja kwa moja, apinduke, amalize.

#15 DadaTrapizi

Mara kumi na nne kaka. MARA KUMI NA NNE.

#16 Mgogo_wa_Maji

Sawa.

#17 Mnyaturu_Original (Singida)

Na sie mtukumbuke. Ziwa Singidani liko mjini kabisa, maji ya chumvi, na upepo huku sio wa kuuliza, miradi ya umeme wa upepo haikuja kutafutwa Singida bure. Kina chake tu ndo shida miezi ya kiangazi.

#18 Mgogo_wa_Maji

Singida nitakuja na Laser mkuu, ile ubao unaupandisha kwa mkono. Katamarani tuiache chumvi ya Dar. Kitu kimoja cha kuangalia, huku juu hewa ni nyepesi, mita elfu moja na kitu msukumo unapungua asilimia 10 au zaidi kwa upepo ule ule, kwahiyo ukisikia unavuma sana na chombo hakiendi sio uchawi.

#19 Kijana_Nkuhungu

Swali la kijinga. Ikipinduka mnainuaje sasa? Kilo 180

#20 Shem_wa_Mbele

Ngoja nijibu mimi maana ndo napanda juu. Kwenye Laser jamaa anasimama kwenye ubao inainuka mwenyewe, anajisifu. Huku kwanza mnaogelea kuizungusha mpaka pua iuelekee upepo, ili upepo uingie chini ya tanga likisogea. Mnalegeza kamba zote. Kuna kamba maalum, unaitupa juu ya mtumbwi ulio hewani, mnasimama wote wawili kwenye mtumbwi wa chini mnaegemea nje na migongo yenu mpaka makalio yanagusa maji. Mnasubiri. Unasubiri mpaka unadhani haiinuki. Halafu tanga linatoka majini ghafla, mtumbwi wa juu unaanguka upande wenu, hapo mmoja adake bomba la mbele lasivyo inainuka inaondoka zake bila abiria. Ya tatu iliondoka. Tuliogelea.

Kilo zetu 140 zinatosha kwa tabu, ukiwa peke yako usijaribu.

Na bro, wikiendi ijayo sio bamvua (siku maji yanapokupwa na kujaa sana), ni maji mafu, kwahiyo saa nne asubuhi maji yapo, sio kama ile siku tuliburuta chombo kwenye tope nusu saa. Ila TMA (watu wa hali ya hewa) wamesema upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Mi siji.

#21 Mgogo_wa_Maji

Shem tiketi yako nimeshakata, behewa moja na mimi. Tutakaa ufukweni tubandike fiba ya Fundi, ukipungua alasiri tutoke na matanga mawili tu bila spinaka. Leta sandpaper, na usimwambie dada yako bei ya fiba.